Nani Kagusa Skrubu?

Sisi wa milimani tuna tabia nyingi ambazo magazeti ya Dar es Salaam hayaziandiki, kwa sababu yakitukumbuka hutukumbuka kwa kabichi tu. Mojawapo ni hii: hatuwezi kuona skrubu tukapita. Ikiwa imelegea, tutaikaza. Ikiwa imekazwa, tutailegeza ili tujue ilikuwa imeshikilia nini. Anayebisha aweke gitaa la umeme katika kanisa lolote la hapa Lushoto, aliache ibada ya Jumapili ikiisha, arudi kulitazama siku ya mazoezi ya kwaya.

Mimi ndiye mpiga solo wa kwaya yetu. Kwa umri wangu nilistahili kuwa nimeshapewa nafasi kwenye benchi la wazee, nisinzie kwa heshima wakati wa matangazo. Lakini vijana wote wenye vidole vyepesi wamehamia kwenye kinanda, kwa kuwa kinanda kina kitufe cha kupiga ngoma peke yake, na kijana wa siku hizi anapenda chombo kinachofanya kazi huku yeye anatazama simu. Gitaa nikaachiwa mimi. Tuliletewa na wageni wa usharika rafiki kutoka Ujerumani, tayari limepigwa huko mpaka rangi imebabuka pale kiwiko kinapoegemea. Wajerumani wa kwanza walipouita mji huu Wilhelmstal walituachia majengo. Hawa wajukuu zao wametuachia gitaa, nami sioni sababu ya kulalamika juu ya badiliko hilo. Umbo lake ni lile la Stratocaster, na lina pikapu tatu: ya shingoni, ya katikati na ya darajani. Ni gitaa jema. Lingekuwa jema zaidi kama lingekuja na kufuli.

Balaa lilianza kwa maneno mawili ya mwenyekiti wa kamati ya vyombo.

"Gitaa halitoki."

"Halitoki vipi, mwenyekiti?"

"Mwalimu, halitoki. Kinanda kinatoka, besi inatoka, hata yule kijana wa kayamba anatoka. Wewe tunauona mkono tu unacheza."

Nikamweleza kwamba halitoki kwa sababu kijana wa mixa amelishusha, na amelishusha kwa sababu mwenyekiti mwenyewe alimwagiza, siku ile tulipokuwa na mgeni mkubwa. Mgeni alishaondoka zamani, akafika kwake, akatuma hadi salamu za shukrani. Volumu ya gitaa bado iko pale pale chini. Mwenyekiti akanisikiliza kwa upole ule wa mtu ambaye ameshaamua. Katikati ya wiki, bila mimi kuambiwa, gitaa likatiwa kwenye mfuko wa mbolea, likabebwa hadi stendi kwa fundi redio.

Fundi huyu ni mtu wa watu. Anatengeneza redio, pasi, chaja na taa za sola, na inasemekana aliwahi kuunga meno ya bandia ya mzee mmoja yakashika mpaka siku ya kuzikwa kwake. Lakini gitaa ni gitaa. Alilitazama, akaona skrubu. Zilikuwa sita, mbili kwa kila pikapu, zimekaa tu hazina kazi, na yeye ana bisibisi ya nyota mkononi. Mlitegemea nini? Akazungusha zote mpaka pikapu zikapanda zikakaribia kuzigusa nyuzi. Nilipofika mazoezini nikalikuta limesharudi, mwenyekiti amesimama kando yake kifua mbele.

"Sasa limeshika, Mwalimu. Fundi amepandisha pikapu zote. Linanguruma."

Na kweli lilinguruma. Sisi ni kwaya ya tenzi, hakuna aliyewahi kuomba gitaa lingurume, lakini lilinguruma. Ukiugusa uzi wa sita taratibu, sauti inatoka kwa kishindo na kufa hapo hapo. Ukiubonyeza huko juu, freti ya 12 na kuendelea, noti moja inatoka ikiwa na mwenzake ndani yake, na hao wawili wanagombana. Sauti ya pili wakashika noti ya mmoja, sauti ya tatu wakashika ya mwenzake. Sauti ya nne, ambao siku zote hawashiki ya mtu yeyote, jioni hiyo ndio pekee waliokuwa sawasawa.

Naomba nieleze kidogo, maana kamati nzima inaamini pikapu ni kipaza sauti kidogo kinachotegea nyuzi sikio. Pikapu nzima haina habari na sauti. Ndani yake kuna sumaku, na sumaku hizo zimezungushiwa waya wa shaba wenye unene wa unywele, mizunguko maelfu. Uzi wa gitaa ni chuma. Ukitetemeka juu ya sumaku, unaivuruga nguvu ya sumaku inayopita ndani ya koili hiyo ya waya, na ikivurugika, umeme unazaliwa kwenye waya. Ni umeme mdogo sana, usioweza kuwasha hata taa ya simu, lakini unatetemeka vile vile uzi unavyotetemeka, na kazi ya amplifaya ni kuukuza tu. Siri hiyo ya sumaku na koili aliifumbua Michael Faraday kule Uingereza mwaka 1831, wakati huku kwetu Kimweri ye Nyumbai akitawala Usambara kutoka Vuga. Ilichukua miaka mia moja hivi mpaka Wamarekani walipoifunga kwenye gitaa, mwanzoni mwa miaka ya 1930. Na ilichukua muda mfupi zaidi ya hapo kwa mtu wa kwanza kuikaza skrubu isiyomhusu.

Kwa sababu hiyo hiyo, ukifunga nyuzi za nailoni kwenye gitaa la umeme utapata kimya. Kuna muumini mmoja mwenye moyo wa kujitolea aliyewahi kutuletea mshipi wa kuvulia samaki kutoka Tanga, uzi wetu wa kwanza ulipokatika. Ulipendeza kwa macho. Haukutoa hata chembe ya sauti, naye akaulaumu mkono wangu. Kinyume chake, waya wa breki ya baiskeli, ambao umewaokoa wapiga gitaa wengi wa bara hili duka la nyuzi lilipokuwa mbali, unalia barabara. Unakata vidole, unakwangua freti, lakini unalia. Pikapu haiulizi uzi umetoka dukani au kwenye baiskeli ya shemeji yako.

Sasa, jinsi sumaku inavyokaribia uzi ndivyo umeme unavyozidi. Hapo fundi wa stendi alikuwa sahihi kabisa, na hapo ndipo alipofunga kitabu. Ukurasa unaofuata unasema kwamba sumaku haikai ikitazama tu. Inavuta. Sumaku iliyosogezwa mno inaukamata uzi namna makonda wa Mombo wanavyokukamata mkono unaposhuka kwenye basi la Dar: garini utafika, ila si kwa mwendo wako. Uzi ulitaka kucheza kwa raha zake, huku na huku, mpaka uchoke wenyewe. Sumaku inaupinda upande mmoja, unacheza vibaya, unachoka mapema, na mitetemo inayotakiwa kwenda pamoja inaachana njia. Ndio wale wawili waliokuwa wanagombana ndani ya noti moja. Nyuzi nene huumia zaidi, na huko juu ya shingo zaidi ya chini, kwa kuwa ukibonyeza freti za juu unaushusha uzi ukazidi kuikaribia sumaku.

Wazungu wapiga gitaa wana jina la ugonjwa huu, wameupa jina la gitaa lenyewe la Stratocaster, kwa sababu sumaku za fimbo za pikapu zake zina nguvu, na pikapu zenyewe ziko tatu kwa foleni. Kwetu hauna jina. Kwetu unaitwa "mwambieni Mwalimu atyuni vizuri".

Hilo ndilo lililonichoma. Nilityuni. Tyuna ikaniambia sawa, taa ya kijani ikawaka. Nikapiga, likatoka nje. Nikatyuni tena, kijani tena, nje tena. Gitaa ambalo pikapu zimelibana halityuniki, maana uzi ukiwa wazi unasema lake na ukibonyezwa juu unasema lingine. Na huku nyuma kila mwanakwaya ana ushauri. Mpwa wangu, ambaye elimu yake yote ya muziki ameipata kwenye video, akasogea.

"Mjomba, hapa kinachotakiwa ni pedali."

"Pedali ya nini?"

"Ya kusafisha sauti."

Mpwa wangu, sauti iliyochafukia mlangoni haisafishwi sebuleni. Pedali itapokea ugomvi wa wale wawili na kuutangaza kwa uzuri zaidi.

Kwa haki ya Mungu lazima nimtetee fundi mahali pamoja, nalo ni suala la mvumo. Pikapu za namna yetu, zenye koili moja moja, hudaka takataka zote za umeme zilizoko hewani, na kanisa letu lina taa za tyubu na waya zilizotandazwa na vizazi kadhaa vya mafundi wa kujitolea. Kwa hiyo kuna mvumo: mmmmm, tangu baraka ya kwanza hadi ya mwisho. Mvumo huo hautoki kwenye nyuzi, hivyo ukishusha pikapu mvumo haushuki hata kidogo. Kinachoshuka ni muziki. Ukizishusha mpaka chini kabisa, unabaki na mvumo mnene unaosindikizwa na gitaa kwa mbali. Seth Lover wa kampuni ya Gibson aliupatia dawa mwaka 1955, akafunga koili mbili zinazopingana ili mvumo wa moja uufute wa nyingine, ila gitaa la namna hiyo halijapata usharika rafiki wa kulileta.

Mama mmoja wa kikundi cha maombi aliwahi kuukemea ule mvumo kwa sauti kubwa. Ulinyamaza papo hapo. Umeme ulikuwa umekatika mji mzima, lakini nenda kamwambie hivyo.

Mimi nimejifunza kuishi nao. Umeme wetu wa Tanzania una mizunguko 50 kwa sekunde. Noti ya G inayopigwa kwenye uzi mnene wa gitaa la besi, freti ya tatu, ina mitetemo 49. Yaani kanisa letu linavuma G iliyopanda kidogo, saa zote, bure. Tenzi zote za G tunaongezewa mwimbaji asiyelipiwa nauli wala sare. Amepanda kidogo, ndiyo, lakini na sauti ya kwanza nao hupanda, na hakuna aliyewahi kuwapeleka stendi.

Turudi kwenye skrubu. Kilichonizuia kwenda kumfokea fundi ni habari ya Leo Fender, mtu aliyelitoa hilo Stratocaster mwaka 1954. Kabla ya magitaa, Leo Fender alikuwa na duka la kutengeneza redio kule Fullerton, California. Na kupiga gitaa hakujua. Hakuwahi kujua. Mtu aliyeunda mojawapo ya magitaa yanayoigwa zaidi duniani alikuwa fundi redio asiyejua chodi moja, akitegemea wapigaji wamwambie. Basi nitamcheka fundi redio wa stendi kwa uso gani? Tofauti yao ni moja: yule wa California aliuliza wapigaji. Huyu wetu aliulizwa na mwenyekiti.

Tena huyo Fender ametuachia deni jingine. Kwenye pikapu zetu, sumaku ya uzi wa tatu imechomoza juu kuliko za jirani zake. Usidhani ni ulemavu. Mwaka 1954 wapigaji walitumia nyuzi nene, na uzi wa tatu ulikuwa wa kusokotwa, wenye waya uliozungushwa juu ya chuma chembamba cha ndani. Chuma hicho chembamba kilikuwa na sauti dhaifu pikapuni, kikahitaji kusogezewa sumaku. Leo uzi wa tatu ni chuma kitupu, kinene, chenye afya, na sumaku bado imeupandia juu. Matokeo yake uzi wa tatu una kiherehere, unaruka mbele ya wenzake kila chodi. Sumaku hizo zimegandishwa, haziinuki wala hazishuki moja moja, kwa hiyo hapa Lushoto tunaimba tenzi huku tukilipia mazoea ya Wamarekani wa miaka ya 1950. Dawa yake ni mkono tu, uupige uzi huo kwa huruma. Mwenyekiti akiona mkono una huruma atasema halitoki.

Nililibeba nyumbani, nikafunga mlango. Kazi hii ina utaratibu wake, na anayeuruka ataifanya mara mbili. Kwanza nyuzi mpya, maana nyuzi zilizooza kwa jasho la msimu mzima zitakudanganya. Pili, urefu wa nyuzi kutoka kwenye freti uwekwe sawa kwanza, kwenye daraja, kwa sababu ukija kuugusa baadaye vipimo vyote vya pikapu vimekufa. Halafu tyuni. Halafu ndipo uishike bisibisi.

Kipimo chenyewe kinataka milimita. Unabonyeza uzi kwenye freti ya mwisho kabisa, kisha unapima nafasi iliyobaki kati ya tumbo la uzi na kichwa cha sumaku. Kwa pikapu za mtindo wa zamani, Fender wenyewe wanashauri kama milimita 2.4 upande wa uzi mnene na 2.0 upande wa uzi mwembamba. Rula za shule zinazouzwa hapa mjini zina milimita, ila zinaanza popote zinapojisikia. Nikakumbuka kitu ambacho kila nyumba ya Tanzania inacho kwa wingi: zile kadi za plastiki ambamo laini ya simu hubanduliwa. Ukubwa wake ni ule ule wa kadi ya benki, na kadi za namna hiyo dunia nzima zina unene wa milimita 0.76. Tatu zikipangwa ni 2.28. Hapo uko mlangoni kwa Fender. Upande wa uzi mwembamba nikaweka mbili na bahasha ya sadaka niliyoikunja mpaka ikajaza pengo. Bahasha ilikuwa tupu, mhazini asianze.

"Mwalimu," mke wangu akaniuliza kutoka jikoni. Hata yeye huniita Mwalimu, hasa akiwa hajaridhika. "Unasajili laini nyingine?"

"Napima pikapu."

Akanyamaza kidogo. "Ikitosha, uchote na maji."

Kadi ni mwanzo tu. Baada ya hapo ni masikio. Uzi hucheza kwa upana zaidi shingoni kuliko darajani, kwa hiyo pikapu ya shingoni ikiwa sawa na ya darajani kwa kipimo, itaizidi kwa sauti, na ukibadili swichi katikati ya wimbo waumini watadhani mpigaji ameingia mwingine. Ya shingoni hushushwa chini zaidi, ya darajani huachwa karibu kuliko zote, ya katikati hutafutiwa amani kati yao. Unazungusha robo, unapiga. Robo nyingine, unapiga. Si nusu, si mzunguko mzima. Kwenye kila skrubu kuna springi au kipande cha mpira kinachoisukuma pikapu chini, na ukiilegeza skrubu kupita kiasi inachomoka, pikapu inatumbukia tumboni mwa gitaa na jioni yako imekwisha. Ukifika pazuri utajua, kwa sababu uzi mnene unaacha kufoka, uzi mwembamba unaacha kulialia, na noti ukiiachia inakaa, inakaa, mpaka wewe mwenyewe unaona haya unaikatiza.

Nilikuwa natafuta sauti ya Tanga. Wenye umri wangu wananielewa. Tulikua milimani huku lakini redio ilikuwa ya bondeni: Atomic Jazz, Jamhuri Jazz, na ndugu wawili wa Tanga, Wilson na George Kinyonga, waliokwenda Kenya na kuwa Simba Wanyika. Baadaye, mwaka 1978, ikaja Mlimani Park, Sikinde, na mwaka huo huo Profesa Omar Shabani akatoka Simba Wanyika na wenzake wakaanzisha Les Wanyika, na rithim yake bado inafundisha watu adabu hadi leo. Sikiliza magitaa hayo. Solo, solo ya pili, rithim, besi, yote yanazungumza kwa wakati mmoja na hakuna linalomkanyaga mwenzake. Unaweza kuchagua moja ukalifuata wimbo mzima bila kulipoteza. Hakuna linalonguruma. Wale walijua kwamba kelele ina kitasa chake, kiko kwenye amplifaya, kimeandikwa na namba kabisa. Skrubu ya pikapu ina kazi nyingine. Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe ilifika Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya dunia ya mwaka 1970. Sisi gitaa letu halifiki stendi na kurudi bila kuharibiwa.

Nikalirudisha kanisani. Nikampandishia kijana wa mixa volumu ya gitaa mwenyewe, kwa mkono wangu, mbele ya macho yake, akanitazama utadhani nimekanyaga madhabahu. Tukaimba. Sauti ya pili na ya tatu wakakutana baada ya kutengana muda mrefu. Mwenyekiti akaja akitabasamu.

"Umeona, Mwalimu? Nilikwambia fundi ameliweza."

Ningeweza kusema. Nikameza.

Hadithi ingeishia hapo kama kwaya isingealikwa Tanga. Safari ya kutoka huku ni kushuka kona kwa kona kilomita 30 na kitu hadi Mombo, na ukifika Mombo umeteremka karibu kilomita nzima. Asubuhi umevaa sweta na ukungu umekaa mlangoni. Mchana uko pwani shati limekuganda mgongoni. Gitaa nalo ni mbao na chuma. Nyuzi zilipashwa joto zikalegea, sauti ikashuka. Shingo ya mbao iliyozoea ubaridi wetu ikaonja unyevu wa bahari, ikajipinda kidogo, nyuzi zikabadili urefu, na nyuzi zikibadili urefu, milimita zangu za kadi zimekwenda na maji. Hakuna mtu aliyegusa skrubu safari hii, naapa, nililala nalo. Ilikuwa ni hali ya hewa tu. Nikatoa kadi zangu za laini nyuma ya jukwaa, nikainama na bisibisi, robo, robo, huku mshereheshaji ameshatutaja jina.

"Mzee wa Lushoto anatengeneza simu," nikasikia kijana wa kwaya ya wenyeji akiwaambia wenzake.

Tuliimba vizuri. Tulishika nafasi ambayo mwenyekiti anaisema kwa maneno tofauti kila anapoulizwa. Tatizo ni lililofuata. Kamati ilikuwa imeshachangisha fedha za gitaa jipya, tangu siku zile za "halitoki". Watu wametoa. Wapo waliotoa viazi, karoti na kuku, vikapigwa mnada baada ya ibada, na kuku mmoja alinunuliwa na kurudishwa mnadani mara nyingi mpaka alizoea kipaza sauti. Sasa gitaa linatoka na fedha zipo. Nilipendekeza tununue seti za nyuzi za akiba, tyuna nzuri, na mfuko wenye zipu inayofungika. Mhazini akauliza vitu hivyo vitaonekanaje kwenye taarifa ya mwaka. Nyuzi hazionekani, akasema. Waumini wanataka kuona kitu kimesimama.

Kwa hiyo wamenunua spika. Moja, ndefu kuliko mchungaji, yenye taa za rangi zinazozunguka kufuatana na besi. Kijana wa mixa ameshaanza kuota ndoto. Mwenyekiti amenieleza kwamba kwa spika hiyo hata wa Soni watatusikia, nikamuuliza wa Soni wamekosa nini. Tayari imefika Mombo tangu jana kwa basi la usiku, imelazwa dukani kwa mtu, na kamati nzima iko kwenye simu inatafuta pikapu ya kuipandisha.